Vikwazo vya mafuta vinamwangusha dikteta raundi ya sita. Nirekebishe wapi?

Bao_Kete

Wakuu, salaam. Natengeneza mchezo wa mezani wa mkakati juu ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kuanzia waziri mkuu wake Ian Smith alipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965 mpaka mkataba wa amani wa Lancaster House, Desemba 1979. Wachezaji ni wanne: Salisbury, yaani serikali ya Smith, London, Pretoria, na mmoja anayeshika Lusaka na Dar es Salaam kwa pamoja. Raundi moja ni robo mwaka, jumla raundi 57.

Biashara nimeichota kwenye Hearts of Iron IV (HOI4), mchezo wa kompyuta wa Vita Kuu ya Pili: anayeagiza analipa kwa viwanda vya kiraia, kiwanda kimoja kwa kila vipimo 8 vya malighafi. Salisbury anaanza na kete 12 za mafuta ghalani, anachoma 4 kwa raundi, na bomba la Beira linamletea 4. London akitupa karata ya vikwazo, bomba linakuwa sifuri. Salisbury hata akijibana achome 3, ghala limekauka raundi ya 4. Ya 5 matrekta na jeshi vimesimama, ya 6 mchezo umekwisha. Kihistoria alidumu miaka 14. Nikiilegeza karata, London haoni sababu ya kuitupa kabisa. Kosa liko kwenye namba au kwenye muundo?

reli_na_bomba

Kwenye muundo. Nchi nzima umeipa mlango mmoja, kisha unashangaa kuufunga kunaua.

Chora ramani upya. Kulikuwa na njia nne za mafuta. Ya kwanza ni hilo bomba, Beira hadi kiwanda cha kusafisha mafuta cha Feruka, karibu na Umtali, ambayo leo ni Mutare. Ya pili ni reli kutoka Lourenço Marques, Maputo ya leo, ikivuka mpaka wa nchi pale Malvernia. Ya tatu ni reli ya Mafeking, Afrika Kusini, hadi Bulawayo inayopita Bechuanaland, Botswana ya leo. Ya nne ni malori kutoka Afrika Kusini kupitia daraja la Beitbridge. Uingereza iliziba ya kwanza tu. Azimio namba 221 la Baraza la Usalama, Aprili 1966, lilizipa manowari zake ruhusa ya kusimamisha meli za mafuta zinazoelekea Beira, na zikakaa pale mpaka Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975. Lourenço Marques haikuguswa, kwa sababu kuigusa kungekuwa ugomvi na Ureno, iliyokuwa ikiitawala Msumbiji, na Afrika Kusini kwa pamoja, na London haikuwa na ubavu wa kuutaka ugomvi huo.

Kwa hiyo kila njia ipe vitu vitatu: uwezo kwa raundi, nyongeza ya bei, na mwenye ufunguo. Jaribu hivi:

Bomba la Beira: uwezo 4, nyongeza 0, ufunguo London.
Reli ya Lourenço Marques: uwezo 3, nyongeza 1, ufunguo Lisbon.
Reli ya Bechuanaland: uwezo 1, nyongeza 1, ufunguo Pretoria.
Malori ya Beitbridge: uwezo 1, nyongeza 2, ufunguo Pretoria.

Njia mbadala isifunguke raundi ileile. Ukibadilisha chanzo unahitaji mabehewa ya tangi, mkataba mpya na dalali wa kuficha jina la mnunuzi, kwa hiyo weka ucheleweshaji wa raundi moja kwa reli. Malori yaanze papo hapo. Hapo Salisbury atapita raundi mbili au tatu za kubanwa kweli, na ndivyo ilivyokuwa: mgao wa petroli ulianza mwisho wa 1965.

Kuna jambo la kiufundi ambalo michezo mingi inalisahau. Bomba lilibeba mafuta ghafi. Feruka ilipofungwa Januari 1966, Salisbury haikuhitaji tena mafuta ghafi; ilihitaji petroli na dizeli iliyokwisha kusafishwa, na Lourenço Marques kulikuwa na kiwanda cha kusafisha. Weka aina mbili za kete, nyeusi kwa ghafi na nyekundu kwa yaliyosafishwa. Bomba likifungwa, kete nyeusi hazina kazi hata zikipatikana.

Halafu mtazame Lusaka. Zambia ilikuwa inanunua petroli yake kutoka Feruka hiyohiyo, kwa hiyo karata ya London inampiga Zambia raundi ya kwanza kabla haijamgusa Smith. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zilibeba mafuta kwa mapipa, na malori yakapita Tunduma kwenye barabara ya vumbi na matope iliyopachikwa jina la Jehanamu. Mpe Lusaka jengo liitwalo TAZAMA: bomba la kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililoanza kazi 1968. Kabla halijajengwa, kila raundi ya vikwazo imgharimu Lusaka kete 2. Bila hiyo gharama mchezaji wa Lusaka atapiga kelele za vikwazo bila kufikiri.

Sultani_wa_Kete

Dogo tu kuhusu neno. Rhodesia ilikuwa na bunge na uchaguzi, ila karibu wote wa wazungu. Ukimwita Smith dikteta kwenye kitabu cha kanuni, mtu atakubishia ukurasa mzima. Ila kwa kanuni za mchezo haibadilishi kitu: wanaoumia na vikwazo siyo wanaopiga kura, na hilo ndilo unalotakiwa kuliweka. Wapiga kura wape upau wao wa pointi, Waafrika wengi upau wao. Uhaba upunguze upau wa pili kwanza.

mhasibu_wa_vita

Nakubaliana na reli_na_bomba juu ya milango. Nitaongeza pesa, kwa sababu ndipo HOI4 inakudanganya. Kule unalipa kwa viwanda, muuzaji anavipokea, basi. Hakuna fedha za kigeni. Dikteta aliyewekewa vikwazo habanwi na ukosefu wa viwanda, anabanwa na ukosefu wa dola, na dola zinatokana na kuuza nje. Toa viwanda, weka hazina ya fedha za kigeni, kete 20 kwa kuanzia.

Upande wa kuuza: tumbaku ilikuwa karibu theluthi ya mapato ya nje mwaka 1965, na ndiyo iliyoumia zaidi, kwa sababu jani la tumbaku mnunuzi analitambua na mnada wake ulikuwa wa wazi. Serikali ikanunua mazao, ikayarundika maghalani, ikapunguza kiwango cha kulima, wakulima wakasukumwa kwenye mahindi, pamba na ngano. Kromiti, madini ya kutengenezea chuma kisichoshika kutu, ni hadithi nyingine. Kromiti haina sura. Ikishachanganywa bandarini na kupewa cheti cha asili cha Afrika Kusini, nani atabisha? Isitoshe, Bunge la Marekani lilipitisha kipengele cha seneta Byrd mwaka 1971, kikafungua mlango wa kromiti kuanzia mwanzo wa 1972 kwa hoja kwamba la sivyo wangeitegemea Urusi ya Kisovyeti. Kikafutwa Machi 1977. Kwa hesabu ya raundi zako hiyo ni raundi ya 26 mpaka ya 46. Iwe karata ya tukio, si uamuzi wa mchezaji.

Kanuni: kila bidhaa ina alama ya kujificha kutoka 1 hadi 3. Tumbaku 1, nyama na sukari 2, kromiti na asbesto 3. Chini ya vikwazo, alama 1 inauzwa kwa nusu ya bei, alama 2 kwa robo tatu, alama 3 kwa punguzo la kete moja tu. Upande wa kununua, kila kitu kinaongezeka kete moja ya dalali. Ndivyo vikwazo vinavyofanya kazi mara nyingi: kama kodi ya kila siku isiyoonekana kwenye vichwa vya habari, wakati kila mtu anasubiri ukuta.

Sasa hili ndilo utakaloliacha ukiwa na haraka: nyongeza ya bei inaingia mfuko wa nani? Salisbury ilianzisha shirika la kununua mafuta liitwalo GENTA, na fedha za kigeni zikagawiwa kwa leseni za kuagiza. Anayegawa leseni anachagua nani atajirike na nani afunge duka. Irak baada ya Agosti 1990 ilikuwa vilevile kwa njia nyingine: kadi ya mgao wa chakula ikawa mkononi mwa serikali, na familia ikamtegemea mtawala yuleyule ambaye dunia ilitaka aanguke. Kwa hiyo kila kete ya fedha za kigeni Salisbury anayoigawa kwa leseni imrudishie nusu pointi ya uaminifu wa wafanyabiashara. Vikwazo vinapunguza keki, lakini vinamkabidhi kisu.

Na viwanda: kutokana na kukosa bidhaa za nje, viwanda vya ndani vilikua mpaka karibu 1974. Kila raundi 4 chini ya vikwazo mruhusu Salisbury ageuze bidhaa moja ya kuagiza kuwa ya ndani kwa kete 3. Usimruhusu kugeuza mafuta, injini za treni wala ndege. Kila raundi 8 mashine zichakae kwa kete 1 isipokuwa ameleta vipuri. Hapo ndipo miaka 14 inapotokea: sio kwamba hakuumia, aliumia polepole.

Bao_Kete

Nimezijaribu hizi kwenye jedwali la kompyuta. Raundi ya 3 Salisbury anabaki na kete 2, kisha anapumua. Tatizo jipya: sasa hafi kabisa. Raundi ya 57 bado anadunda.

reli_na_bomba

Kwa sababu milango yako haibadilishi wenye funguo. Raundi ya 35, Aprili 1974, serikali ya Lisbon inapinduliwa. Raundi ya 39 Msumbiji ni huru, na ufunguo wa Beira na Lourenço Marques unahamia kwa FRELIMO. Raundi ya 42, Machi 1976, Samora Machel anafunga mpaka. Hapo njia mbili zinakufa kwa siku moja.

Salisbury alishaona dalili. Reli ya moja kwa moja kutoka Rutenga hadi Beitbridge ilikamilika Septemba 1974, raundi ya 36. Mruhusu aijenge wakati wowote kwa kete 5 na raundi 1. Iwe na uwezo 3, nyongeza 1. Lakini ufunguo ni wa Pretoria, na ndio mtego wenyewe. Akifika 1976 njia zote zilizobaki zina mwenye ufunguo mmoja. Mwaka huohuo Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini, alimbana kwa mafuta na mizigo, Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akaja na mpango, na Septemba Smith akatangaza kukubali kimsingi utawala wa wengi. Miaka kumi ya manowari Beira haikufanya hivyo.

Kanuni: hesabu wenye funguo, si njia. Wakiwa watatu, shinikizo la yeyote halifanyi kitu. Wakiwa wawili, mmoja anaweza kupandisha nyongeza kwa 1. Akibaki mmoja, anaweza kumlazimisha Salisbury apige hatua moja kwenye upau wa mazungumzo kila raundi, au akose nusu ya mafuta. Hapo London ana sababu ya kutupa karata mapema: hatafuti kumuua, anatafuta kumsukuma apoteze marafiki. Pretoria naye awe na gharama yake, maana kumwachia Smith aanguke haraka kunamletea vita mlangoni.

Usimwache Salisbury bila njia ya tatu, ya kushambulia. Japani ilikatiwa mafuta na Marekani Agosti 1941, ilikuwa inategemea Marekani kwa karibu asilimia 80 ya mafuta yake, na jibu lake lilikuwa Desemba: kuvamia kuelekea visima vya Waholanzi huko Palembang. Kwenye HOI4 mchezaji wa Japani anafanya hivyo kwa sababu anajua historia.  Wewe weka saa. Raundi za akiba zilizobaki ziandikwe juu ya meza, kila mtu azione.

Ziwa_Tanganyika

Ukimaliza hiyo, injini hiihii inabeba Burundi ya 1996, na ni fupi, raundi kama 10 tu. Meja Buyoya alichukua madaraka kwa mapinduzi Julai 25, na Julai 31 wakuu wa nchi jirani wakakutana Arusha wakatangaza vikwazo: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Zaire, Ethiopia. Ndiyo kesi adimu ambapo majirani wenyewe walifunga, bila kungoja Umoja wa Mataifa kule New York. Nchi haina bahari, kahawa ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya fedha za kigeni, mzigo unapita Dar es Salaam, reli ya kati, Kigoma, kisha meli. Kwenye karatasi, pete imekamilika.

Ila pete ni ya wenye funguo wengi, na kila mmoja ana sababu yake ya kulegeza. Petroli ilipenya hasa kwa barabara kupitia Rwanda, na ziwa halina uzio: boti kutoka Uvira, shehena kutoka Mpulungu. Bei ikapanda, tofauti ikachukuliwa na wafanyabiashara waliokuwa karibu na wakubwa na jeshi. Hapo kanuni ya mhasibu ya leseni inaingia kama ilivyo.

Kitu kipya utakachohitaji ni orodha ya misamaha. Mwanzoni dawa na msaada wa dharura tu ndio uliosamehewa. Aprili 1997 wakaongeza chakula, vifaa vya shule, vya ujenzi na vya kilimo. Mchezoni kila msamaha uwe karata mbili kwa pamoja: unapunguza mateso ya raia kwa pointi 2, na unafungua upenyo wa kete 1, kwa kuwa gunia la mbolea na gunia la kitu kingine yanafanana gizani. Petroli ya mashirika ya misaada ndiyo iliyokuwa na ubishi: bila dizeli, dawa iliyosamehewa inakaa bohari. Kwa hiyo karata ya dawa isifanye kazi bila kete ya dizeli ya kuisafirisha.

Mwenye kuweka vikwazo naye anavuja damu. Kigoma na reli ya kati zilipoteza mzigo wa Burundi, na msafirishaji akishazoea njia nyingine hurudi kwa mwendo wa kobe. Kwa kila raundi 2 mfululizo, Dar apoteze kete 1 ya mzigo hata vikwazo vikiisha. Viliondolewa Januari 1999, mazungumzo ya Arusha yakiwa yameshaanza Juni 1998, na mkataba ukatiwa saini Agosti 2000. Upau wa ushindi uwe kuketi mezani. Bunge na vyama vilirudishwa ndani ya miezi michache ya mwanzo, na hapo ndipo shinikizo lilipozaa zaidi. Baada ya hapo lilizalisha matajiri.

Bao_Kete

Hii ya misamaha naichukua hata kwa Rhodesia. Swali la mwisho: magendo. Mpaka sasa kila kete ya magendo inamsaidia dikteta. Je, ndivyo daima?

mhasibu_wa_vita

Hapana, tazama inaelekea wapi. Magendo ya kuingiza yanamwokoa. Magendo ya kutoa nje yanamkausha, kwa sababu bidhaa inatoka na dola haziingii benki kuu.

Uganda ya Amin ndiyo mfano. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil Julai 1975, na mwaka 1977 kahawa ikapita dola 3 kwa ratili New York. Mtawala yeyote angeogelea kwenye pesa. Lakini mkulima alikuwa analipwa na bodi ya kahawa kwa shilingi isiyonunua kitu, wakati ng'ambo ya mpaka, Chepkube, analipwa kwa shilingi ya Kenya. Kahawa ikavuka kwa baiskeli, kwa punda na kwa boti za Ziwa Victoria. Amri ya 1975 ilikuwa imeweka adhabu ya kifo kwa makosa ya uchumi, magendo yakiwemo, na bado ikavuka. Huku ndani, walioitwa mafuta mingi, waliogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa 1972, walikuwa wakiuza uhaba. Marekani, iliyokuwa ikinunua karibu theluthi ya kahawa ya Uganda, ilipiga marufuku kwa sheria Oktoba 1978. Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa nalo, kwa hiyo usiipe ile sheria pointi zote.

Kanuni: kila raundi linganisha bei anayolipwa mkulima ndani na bei ya ng'ambo. Tofauti ikizidi kete 1, theluthi ya zao inavuka. Ikizidi 2, nusu. Dikteta anaweza kulipa kete 1 ya jeshi mpakani kupunguza uvujaji kwa kete 1, lakini askari huyo akikaa raundi 3 mfululizo, anaanza kuvusha mwenyewe. Rhodesia haikuwa na tatizo hili kwa kiwango hicho, kwa sababu wakulima wakubwa walikuwa upande wa serikali na serikali ilinunua tumbaku yao hata ilipokosa soko.

mwana_bandari

Kama utafika kwenye toleo la zama hizi, ongeza karata ya bendera. Aprili 1966 meli Joanna V ilifika Beira kwa sababu manowari iliyoikuta haikuwa na sheria ya kuizuia. Ndipo azimio 221 likaja siku chache baadaye. Mafuta yake hayakushushwa. Meli inalindwa na nchi ambayo bendera yake inaipeperusha, na wakwepaji wa leo wanaijua sheria hiyo kuliko mabaharia. Mwaka 2012 meli 36 za mafuta za Iran zilikutwa zimesajiliwa kwa bendera ya Tanzania kupitia sajili ya Zanzibar, kwa mkono wa wakala aliyekuwa Dubai. Serikali ikazifuta baada ya malalamiko kutoka Bunge la Marekani.

Mchezoni: bendera ya kukodi inagharimu kete 1 na inazuia ukaguzi kwa raundi 2. Mpinzani akitumia pointi 2 za diplomasia, inafutwa mwisho wa raundi na meli inabaki bila bendera, yaani inaweza kukamatwa popote baharini. Mwenye meli ana raundi hiyohiyo moja ya kununua bendera nyingine, kwa kete 2 sasa, na bima ikipanda kwa 1. Kuhamisha mafuta kutoka meli hadi meli baharini kunafuta asili ya shehena, lakini tupa dado: 1 kati ya 6 inamwagika, na pwani iliyo karibu inapoteza kete 2 za samaki bila kujali ilikuwa upande wa nani.